Kwenda Kaskazini na Kitanda Chetu

Ukifika kwa mtu wa pwani na kitanda chako mwenyewe, umemweka pabaya. Chake akipeleke wapi? Na majirani watasema nini wakiona gari limekesha uani, wageni wamo ndani yake, ilhali nyumba ina vyumba vitatu? Jambo hilo nalijua tangu utoto, maana nimelelewa na bibi aliyekuwa akihamia jikoni kila mgeni anapobisha hodi. Uzito wake lakini sikuupata mpaka Januari ya mwaka huu, kaskazi ikivuma, mimi na mume wangu tulipotoka Dar es Salaam kwenda kuwaona rafiki zetu wa kaskazini kwa gari ambalo tunalala humo humo.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ndefu, ya aina ile iliyobeba abiria wa daladala miaka mingi. Mume wangu ni dereva wa malori mstaafu. Alilinunua likiwa limechoka, akalifufua injini, akang'oa viti vyote vya nyuma. Badala yake kikawekwa kitanda cha mbao kinachoshika upana wote wa gari, na chini yake droo za nguo na vyombo. Paani kuna sola ndogo inayowasha taa mbili na feni. Mlangoni kuna mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, madumu ya maji, na chandarua kinachofungwa kwa kulabu nne. Wageni wa Ulaya wanaoshuka kutoka Cairo hadi Cape Town huwa na magari makubwa kuliko hili, yenye choo, bafu na jokofu. Letu halina choo, na hatukukitaka, kwa sababu sisi tulikuwa tunakwenda kwa watu.

Rafiki zetu wengi wameuhama mji. Mmoja alistaafu, mwingine alikwenda kuuguza mzazi akabaki, wa tatu alihamishwa kikazi akapenda alipofikia. Tuliagana nao Magomeni, Temeke na Mwenge kwa neno moja la "tutakuja", na miaka ikapita. Basi la asubuhi hukufikisha kwa mtu saa sita, na saa tisa linakutaka stendi. Kwa muda huo unamwona rafiki yako na watoto wake, unakunywa soda, unaondoka. Hujui analima nini, anaamka saa ngapi, nani amemkopesha na nani anamdai. Tulitaka kukaa. Na kitanda tulikichonga kwa nia njema kabisa, ili tukae bila kumsumbua mtu.

Baada ya Tegeta na Bunju mji wa Dar es Salaam hauishi, unapungua tu. Mapinga ni mkoa wa Pwani tayari, lakini kuta za matofali na vibao vya viwanja vinavyouzwa vinakufuata mpaka Kerege. Kabla ya kufika Bagamoyo tukaingia kulia, tukaifuata njia ya mchanga hadi Mlingotini, kijiji kilichojificha nyuma ya ghuba yenye maji matulivu, mikoko ikikizunguka. Hapo anakaa shoga yangu, karani mwenzangu wa zamani.

Alinipokea begi kabla sijaweka mguu chini. Mume wangu akamtembeza garini, akamwonyesha kitanda, feni na chandarua. Shoga yangu akavisifu vyote, kimoja kimoja. Halafu akatuambia chumba chetu kiko tayari, shuka amezifua jana. Nikamwambia asihangaike, sisi tumejitosheleza.

"Dada," akaniambia, naye huniita dada akiwa ameudhika, "mkilala nje, kesho mimi nitapita wapi? Watu watasema nimewanyima."

Shauri likaenda mpaka baada ya chakula, ugali wa muhogo na papa mkavu wa nazi. Aliyeliamua ni mdogo wake wa kiume, kijana mpole anayevua kwa dema. Akasema shemeji na alale garini, alinde gari, hilo kila mtu atalielewa. Mimi niingie ndani nilale na wanawake wenzangu. Ndivyo tulivyolala, na tangu hapo tukawa tunalala hivyo hivyo karibu kila tulipofika. Kitanda chenye upana wa watu wawili kikawa cha mtu mmoja. Usiku, chumbani, taa imezimwa, shoga yangu alinieleza mambo ambayo asingenieleza barazani: namna mama yake alivyofariki, na kwa nini hakurudi tena Dar es Salaam. Ningelala garini nisingeyasikia.

Yeye ni mkulima wa mwani. Siku za bamvua maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, na wanawake wa Mlingotini huyafuata wakiwa wamefunga kanga viunoni, kamba na magunia kichwani. Nilikwenda nao. Shamba la mwani ni vigingi vilivyopigwa mchangani, na kamba zilizotandazwa kati yake, na kila kamba imefungwa vipande vidogo vya mwani kwa nyuzi wanazoziita taitai. Baada ya wiki sita hivi vipande vile vimekuwa vichaka, vinavunwa, vinaanikwa, vinauzwa kwa mnunuzi anayevipeleka nje. Huko hutolewa ute unaogandisha dawa ya meno, aisikrimu na mafuta ya kujipaka. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kikavuka kuja huku bara miaka michache baadaye, na tangu mwanzo kimekuwa kazi ya wanawake.

Januari ni mwezi mbaya kwa mwani. Maji ya kina kifupi yanachemka juani, mwani unapauka, unalegea na kukatika. Kuna aina mbili hapa: spinosamu, unaovumilia, na kotonii, wenye bei nzuri zaidi. Kotonii ndio unaokufa. Shoga yangu alinyanyua kamba yake moja, ikaja na vipande vilivyogeuka vyeupe kwenye vifundo. Hakusema neno, akaishusha, akaenda ya pili. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, amehangaika na tatizo hili miaka mingi, na moja ya njia zilizojaribiwa ni kuupeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu, kwa kamba zinazoelea. Njia hiyo inasaidia. Lakini inataka chombo, na inataka kuogelea, na wanawake wengi wa rika langu hawakufundishwa kuogelea wala hawana ngalawa. Nilipokuwa nimesimama maji yakinifika magotini, nikifunga taitai kwa vidole visivyozoea, nilihisi hasira kwamba watu wanaofanya kazi ngumu kiasi kile ndio ambao bahari inayopata joto imeanza nao.

Mjini Bagamoyo tulikuwa na kijana mmoja tu wa kumsalimia, mtoto wa binamu yangu anayesoma ngoma na maigizo katika chuo cha TaSUBa, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tulimkuta mazoezini, akatoka na jasho lake, akala chapati zetu nne akiwa amesimama, akarudi ngomani. Mchana uliobaki tuliutumia kutembea.

Wageni wengi huja Bagamoyo kwa ajili ya mawe, na mawe yanastahili. Kaole, kilometa chache kusini mwa mji, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 bado linatazama bahari, ingawa makao makuu ya utawala wao yalishahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mimi safari hii nilishikwa na jambo jingine, ambalo waongozaji hulipita haraka. Katika karne ya 19 mji huu ulijaa watu waliokuja na malazi yao. Misafara ya Wanyamwezi ilishuka kutoka bara na pembe za ndovu, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi, kirangozi mbele, na ilipofika pwani ilipiga kambi pembezoni mwa mji kwa wiki na miezi. Wengine walikuja wakiwa watumwa, na hao hata kama walitembea hawakuja kwa miguu yao. Kwa wale waliokuja kwa hiari, wenye mji walishindana kuwakaribisha. Majumbe waliwachinjia na kuwafanyia karamu, kwa kuwa heshima ya jumbe ilihesabiwa kwa wageni aliowalisha. Hema la mpagazi halikuwa sababu ya kumwacha alale na njaa.

Hata maiti ilikaribishwa. Februari 24, 1874, Chuma, Susi na wenzao waliingia Bagamoyo na mwili wa mmisionari David Livingstone waliokuwa wameubeba kutoka Ilala, katika Zambia ya leo, kwa karibu miezi tisa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ilikuwapo hapo tangu mwaka 1868, waliulaza kanisani usiku ule kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Shuleni tulifundishwa sana habari za aliyebebwa. Nikiwa nimesimama chini ya mnara wa kanisa lile niliwawaza waliobeba: walipewa nini cha kula usiku ule, na walilala wapi.

Kutoka Bagamoyo kwenda Saadani kuna njia ya Makurunge, inayopita kulikokuwa na ranchi ya Razaba na sasa kuna miwa. Gari letu liko chini, kwa hiyo tulizunguka kwa lami ya Makofia na Msata, na nilifurahi, kwa kuwa njia hiyo inapita Kiwangwa. Kiwangwa ni mananasi. Yamepangwa barabarani kwa mafungu, yamejaa kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam na mengine mpaka Kenya, na harufu yake inaingia garini kabla hujaona hata moja. Rafiki wa mume wangu, dereva mwenzake wa zamani, ana ekari kadhaa. Alitueleza hesabu yake bila kuficha. Chipukizi la nanasi unalipanda leo, tunda unalikata baada ya mwaka na nusu hivi. Mwezi wa mavuno yake ndio mwezi wa mavuno ya kila mtu, bei inaanguka, na nanasi halingoji. Kiwanda cha matunda kilichojengwa Mboga, karibu na Chalinze, kimepunguza maumivu lakini hakiwezi kumeza mavuno yote. Yeye siku hizi anapanda kwa mafungu, kila fungu na mwezi wake, ili asikate yote pamoja. Alituwekea mananasi chini ya kitanda mpaka droo zikagoma kufunga, na mume wangu akalala usiku ule juu ya mananasi, akasema hajapata kulala vizuri namna ile.

Msata unakamata barabara kuu ya Segera. Ukishavuka Wami kwa daraja jipya, refu, lenye nafasi ya magari mawili, unashukuru ukikumbuka lile jembamba la zamani ambalo malori yalipishana kwa zamu huku kila dereva akiomba Mungu. Mandera tukaiacha lami, tukashika vumbi la kwenda Miono na Mkange. Hii ni nchi ya Wazigua, na Wadoe, na Wakwere, na siku hizi na ya wafugaji waliokuja na ng'ombe wao. Njia ni nzuri kiangazi. Masika, udongo wake mweusi hushika tairi na kulala nalo.

Saadani ni kijiji kilichozungukwa na wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa mwaka 2005, ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,100, na ukisimama pahali pazuri unaweza kumwona twiga na mawimbi kwa mtazamo mmoja. Getini tuliandikishwa, tukaambiwa tusisimame njiani. Watalii huziona picha za tembo ufukweni wakaja kumtafuta tembo. Sisi tulikuja kumwona mjane mmoja anayenunua kamba na dagaa kwa wavuvi wa mdomo wa Wami na kuwakausha. Kwake tembo ni habari ya shamba la mihogo lililoliwa usiku mmoja, na simba ni sababu ya watoto kutopelekwa dukani baada ya magharibi. Hakuichukii hifadhi, kijana wake mmoja hupata vibarua kwa wageni. Anachotaka, na nadhani ana haki kabisa, ni kwamba mipaka ijulikane vizuri, na wenyeji waulizwe kabla ya mstari kuchorwa, kwa sababu kijiji kilikuwapo kabla ya geti.

Na kilikuwapo kweli. Saadani ilikuwa bandari ya misafara iliyoshindana na Bagamoyo, na mtu wake, Bwana Heri bin Juma, alipigana na Wajerumani mpaka mwaka 1890, wakati Abushiri bin Salim, kiongozi mwenzake wa vita vile, alikuwa ameshakamatwa na kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Wajerumani waliuteketeza mji wa Saadani kwa mizinga. Leo huwezi kudhani. Kuna nyumba za udongo na za matofali, msikiti, mabwawa ya chumvi yanayong'aa kando, na jioni vijana wanacheza mpira mchangani.

Mjane wetu hakutaka hata kusikia shauri la kulinda gari. "Baba, hapa gari halina mwizi," alimwambia mume wangu. "Lina simba." Basi usiku ule Hiace ilibaki peke yake, na sisi sote tukalala chini ya bati moja, wajukuu wakiwa wamejipanga mkekani, upepo wa kaskazi ukipiga makuti ya banda la kukaushia kamba. Alitupatia kitanda chake. Sikubishana. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba akinipa kitanda chake nami nikakataa, ninamwambia kwamba alicho nacho hakinitoshi.

Kutoka hapo kwenda Mkwaja unapita ndani ya hifadhi, karibu na ufukwe wa Madete ambako kasa wa kijani hupanda kutaga mayai. Mkwaja pia palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, iliyoanzishwa miaka ya 1950. Walijaribu kila dawa, mbung'o wakawashinda, na mwaka 2000 ikafungwa. Sehemu kubwa ya ardhi yake sasa ni ya wanyama wa hifadhi, ambao ugonjwa wa mbung'o hauwadhuru kama ng'ombe. Barabara mpya ya lami kutoka Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 200, inapita huku huku. Tulikuta matingatinga, makaravati yamepangwa kando, na vijana wa vijiji wamevaa vizibao vya njano.

Mwalimu aliyemfundisha binti yetu hesabu, tukiwa bado Temeke, sasa anafundisha Mkwaja. Alitupokea akiwa na chaki mikononi, na kabla hatujanywa maji alikuwa ameshalipata somo ndani ya gari letu. Aliwaleta wanafunzi kwa makundi. Kundi la kwanza lilipima kitanda kwa rula na kutafuta eneo lake. La pili lilihesabu lita za maji na kugawa kwa watu wawili kwa siku. La tatu lilipewa sola: taa mbili na feni moja zinatumia kiasi gani, betri itadumu saa ngapi? Binti mmoja mdogo, mwenye miaka kama tisa, akauliza kama mtu anaweza kwenda na gari hili mpaka hospitali akiwa amelala. Mwalimu akamjibu kwamba anaweza. Nililisikia swali lile kama swali la mtoto tu.

Usiku tulikaa nje ya nyumba ya mwalimu, tukila kolekole wa kuchoma na wali. Alitueleza kwa nini hataki kuhamishwa tena. Watoto wa hapa, alisema, wanajua mambo ambayo hakuyakuta mjini: wanajua maji yatajaa saa ngapi kesho bila kutazama popote, wanajua upepo upi unaleta samaki gani. Kazi yake ni kuwaonyesha kwamba maarifa hayo ni hesabu, si kwamba hesabu ni kitu cha watu wengine. Nimewasikiliza wataalamu wengi wa elimu. Sijasikia maneno yaliyoniingia kama hayo.

Kulipokucha, kabla swala ya alfajiri haijaisha, tulibishiwa hodi. Bibi wa nyumba ya tatu alikuwa ameanguka kisimani jioni iliyopita, na usiku kucha hakuweza kugeuka. Mganga wa zahanati alikuwa amemtazama. Alihofia nyonga imevunjika na akasema apelekwe Pangani, hospitali ya wilaya, lakini apelekwe amelala. Ni zaidi ya kilometa 40. Bodaboda ni kitu cha kumkalisha mtu, na mtu wa nyonga hakalishwi. Wakamkumbuka binti wa darasani na jibu la mwalimu.

Walimleta juu ya kitanda cha kamba, vijana sita, polepole, wakikanyaga pamoja. Tulitoa mananasi, tukatoa madumu, tukatandika shuka zetu zote. Bibi akalazwa pale ambapo mume wangu alikuwa akilala peke yake tangu Mlingotini. Binti yake akakaa upande mmoja na mimi upande wa pili, tukimkinga kwa mito kila gari lilipoyumba. Mume wangu, ambaye maisha yake yote amebeba saruji na mbolea, aliendesha siku ile kwa mwendo ambao sijapata kumwona nao. Penye matuta ya ujenzi alisimama kabisa, akavuka tairi baada ya tairi. Bibi hakulalamika. Alituuliza sisi ni watu wa wapi, wazazi wetu ni nani, na alipofika kwa babu yangu akamfahamu, au alisema anamfahamu, na akaanza kuniita mjukuu.

Bweni ni upande wa kusini wa mto, mkabala na mji wa Pangani. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Waliokuwa foleni mbele yetu walisogeza magari na pikipiki bila kuombwa. Juu ya maji bibi alitaka mlango wa nyuma ufunguliwe, aone. Aliona mto, minazi, na nguzo za daraja jipya la mita 525 lililokuwa likijengwa ili kuondoa kabisa kungoja kivuko. Akasema likiisha atalivuka kwa miguu yake. Hospitalini walimpokea vizuri, wakampiga picha, wakathibitisha: nyonga ilikuwa imevunjika, apelekwe Tanga. Safari hiyo ilikuwa ya gari la wagonjwa, pamoja na binti yake.

Jioni tulirudi Bweni, kwa nahodha mstaafu ambaye ndiye mwisho wa safari yetu. Tulimkuta na mkewe wameshasikia habari yote, maana habari huvuka mto haraka kuliko kivuko. Mkewe alituwekea maji ya moto ya kuoga kabla ya salamu kwisha. Mume wangu alikaa barazani muda mrefu bila kusema, halafu akamwuliza nahodha kama kuna fundi wa mashua karibu.

Alikuwapo, nyumba ya pili. Kesho yake asubuhi alikuja na msumeno na mbao za mwembe, akatazama kitanda, akasikiliza. Mume wangu alimweleza anachotaka: nusu ya kitanda ibaki, iweze kumlaza mtu mmoja aliyenyooka, na nusu nyingine iwe benchi la kukalia watu, lenye mikanda. Nahodha alisimamia kazi. Alitaka pembe zote zipigwe randa mpaka zilainike, "mgonjwa asikwaruzwe," na alipoona mahali pa kufunga mikanda hapana nguvu ya kutosha, akampeleka mume wangu kwa mchomeleaji ng'ambo ya mto kuongeza chuma. Wajukuu wake walikusanya maranda yote yaliyoanguka wakayapeleka jikoni kuwashia moto. Mimi nilikuwa jikoni humo humo, nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na mke wa nahodha ananieleza daraja litaleta nini. Anataka wauguzi wavuke usiku. Anataka samaki wa Bweni wafike Tanga wakiwa wabichi. Ana wasiwasi na bei za viwanja, kwa sababu tayari wamekuja watu kuuliza ufukwe, na ameshawaambia wanawe wote kwamba chenye saini yake hakiuzwi bila yeye.

Tulipoondoka kuelekea Tanga viti vyote vilikuwa na watu. Nyuma alikaa nahodha, anayekwenda kumjulia hali bibi ingawa hawajuani. Mkewe, na chungu cha uji kilichofungwa kwa kanga ili kisimwagike. Kaka wa binti wa bibi, aliyekuja na bodaboda kutoka Mkwaja akiwa na nguo za kubadilisha. Na mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyechelewa kufungua shule. Ile nusu ya kitanda iliyobaki ilijaa nazi.